Jino Lililochongwa Halirudi

Kila nipitapo barabara itokayo Keroka kuja Kisii mjini, na hasa nikwamapo katika msongamano wa magari karibu na mzunguko wa Capital, macho yangu huvutwa na mabango ya kliniki za meno, ambayo miaka michache iliyopita hayakuwapo, na ambayo leo yamesimama bega kwa bega na mabango ya shule za bweni na ya viwanja vinavyouzwa. Juu ya kila bango hucheka mtu asiye wa kwetu, meno yake yamelingana kama shanga za tasbihi, meupe kwa weupe usioonekana aghalabu katika kinywa cha mtu aliyekula chakula cha dunia hii. Na chini ya kidevu chake huandikwa ahadi ya tabasamu jipya, kwa miadi miwili au mitatu, na kwa malipo ya kidogo kidogo. Matunda ya ahadi hiyo nimeanza kuyaona. Katika arusi za Nyamira, katika picha za wahitimu wa Chuo Kikuu cha Kisii, hata kwa wahudumu wa maduka ya simu, nakutana na meno yaliyofanana mno, kana kwamba aila nyingi zisizojuana zimerithi kinywa kimoja.

Siuchukii uzuri, wala simlaumu kijana anayetaka kucheka bila haya. Lakini nautamka msimamo wangu mapema, ili msomaji asihangaike kuutafuta mbele ya safari: jino zima, lisilo na maradhi wala dosari inayomdhili mwenyewe, halifai kuchongwa kwa ajili ya picha. Tabaka la juu la jino ni urithi usiooteshwa upya, mfano wa shamba la babu, na anayetaka kuliuza shamba hilo, hata kama haki ya kuliuza anayo, anapaswa kulala siku kadhaa akitafakari na kuwasikiliza waliomtangulia kabla ya kutia sahihi. Katika nchi hii ya Wagusii, ambamo ardhi imegawanywa kwa wana na wajukuu hata sehemu nyingine zimebaki upana wa migomba michache, ni nani asiyejua maana ya kitu kinachotoka kisirudi?

Shauri lililoletwa jioni

Jambo hili lilikuwa la barabarani tu kwangu, mpaka jioni moja ya Jumapili binti wa ndugu yangu, mwalimu wa shule ya msingi huku Nyamira, alipokuja nyumbani pamoja na mama yake, akangoja chai imiminwe, kisha akanyoosha simu mbele yangu. "Baba mdogo," akasema, "huyu ndiye mimi wa mwezi wa Desemba." Katika kioo cha simu niliiona sura yake ileile, na paji la uso lilelile la nyanya yake, isipokuwa kinywa, ambacho programu ya kliniki ilikuwa imekifuta na kukichora upya. Mwanya wake haukuwapo. Ile pembe ya jino iliyomeguka siku alipofungua chupa ya soda kwa meno, akiwa kidato cha pili, ilikuwa imejazwa. Meno kumi ya juu yalikuwa yamesimama mstari mmoja, marefu kidogo kuliko yake, na meupe kama karatasi.

Hesabu yake alikuwa ameiandaa kwa uangalifu wa mwalimu: sehemu kutoka katika akiba yake, sehemu kutoka kwa kundi la jamaa kwenye simu, na iliyobaki kutoka katika bonasi ya chai ya mama yake, ambaye majani yake huyapeleka kiwanda cha Kebirigo. Arusi ni Desemba, na picha za arusi, alisema, hukaa ukutani maisha yote. Nikamwuliza, katika hayo meno kumi, ni mangapi yenye maradhi. Akanitazama kwa mshangao, akasema hakuna hata moja. Nikamwuliza kama yapo mengine yanayomsumbua. "Yapo mawili ya nyuma, huku chini," akajibu. "Nikinywa chai ya moto yananishtua, na juzi moja limeninyima usingizi. Lakini hayo hayaonekani, baba mdogo."

Tangu siku ile nimetembea na maneno hayo. Yanayouma hayaonekani, na yanayoonekana hayaumi. Na fedha yote, pamoja na jasho la mama lililochumwa jani kwa jani kwenye baridi ya alfajiri, ilikuwa imeelekezwa kwa yale yasiyouma. Mama yangu mzazi, ambaye wajukuu humwita magokoro, alikuwa ameketi pembeni akipukuchua mahindi, na kwa muda mrefu hakusema neno. Kisha aliuliza kwa Ekegusii, swali ninalolifasiri kwa uchache wa maneno yake: huo mwanya nao unapelekwa wapi, maana yeye alimpa mwanawe, na mwanawe akampa binti yake?

Ufundi uliotoka mbali

Ni insafu kuueleza ufundi huu kwa ukweli wake, kwa kuwa ni ufundi mkubwa, na asiyeujua hana haki ya kuuhukumu. Vinia, kama vijana wanavyoziita, ni magamba membamba ya kauri yanayogandishwa juu ya uso wa mbele wa jino. Chimbuko lake ni California, katika zama ambazo sinema za Hollywood zilikuwa zikianza kupata sauti, ambapo tabibu wa meno aitwaye Charles Pincus aliwatengenezea waigizaji vifuniko vyembamba vya kuvaliwa mbele ya kamera, akivishikiza kwa unga uleule wa kushikilia meno ya bandia. Vifuniko hivyo havikustahimili chakula. Mwigizaji alipomaliza kazi ya siku alivibandua, akaenda zake kula kwa meno yake mwenyewe.

Mnamo mwaka 1955 mtaalamu mwingine wa Marekani, Michael Buonocore, ambaye alikuwa ametazama jinsi viwanda vinavyopaka chuma asidi ili rangi ishike, aliyapaka meno asidi ya fosfori, akaona ya kwamba uso laini wa jino huwa na vinyweleo visivyoonekana kwa jicho, ambavyo gundi ya rezini huweza kujipenyeza ndani yake na kukaa. Ikapita miaka zaidi ya ishirini na mitano, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Richard Simonsen na John Calamia wakaonyesha kwamba kauri nayo, ikichomwa kwa asidi kali upande wa ndani, hushikamana na rezini hiyohiyo kwa nguvu ya ajabu. Hapo ndipo gamba la Pincus lilipoacha kuwa vazi likawa sehemu ya mwili. Elimu iliongezeka, gundi ikaimarika, na kile ambacho mwigizaji aliweza kukivua jioni, mwalimu wa Nyamira hawezi kukivua tena.

Kwa nini hawezi? Kwa sababu ili gamba likae bila kuvimbisha mdomo, aghalabu tabibu hulazimika kuchonga sehemu ya enameli, ambayo ndiyo ngozi ya jino, kwa kina cha takriban nusu milimita. Msomaji ataona nusu milimita ni kitu kidogo. Lakini enameli ya meno ya mbele si nene, na karibu na ufizi huwa nyembamba zaidi; na ijapokuwa ndicho kitu kigumu kupita vyote katika mwili wa binadamu, kigumu kuliko mfupa, chembe hai zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza, wala hakuna dawa wala lishe inayozirudisha. Kidonda hufunga, mfupa uliovunjika huunga, ukucha uliong'oka huota. Enameli haioti. Na mchongaji akipitiliza hata akafika kwenye dentini, tabaka lililo chini ya enameli, gundi hushika kwa udhaifu, na jino huanza kushtuka kwa baridi na moto maisha yote. Yapo magamba yanayowekwa bila kuchonga au kwa kuchonga kidogo mno, na tabibu mwaminifu huyafikiria kwanza, ila si kila kinywa kinachoyafaa.

Tena pana jambo ambalo wengi hawalijui, nalo ni tofauti ya gamba na kofia. Gamba hufunika uso wa mbele tu. Kofia huvikwa jino zima, na ili ivikwe, jino huchongwa pande zote likabaki kigingi. Vijana wengi wa Uingereza waliosafiri kwenda Uturuki kwa kufuata bei nafuu, wakidhani wananunua gamba, wamerudi nyumbani na kofia juu ya vigingi. Ikiwa hayo yamewapata watu wa nchi yenye vitabu na mahakama za kila namna, sembuse sisi ambao mara nyingi hutia sahihi karatasi ya ridhaa tukiwa tumekwisha kulazwa kwenye kiti?

Nilichokiona Tabaka

Si mbali na hapa tunao mafundi waliouelewa msiba wa kuchonga kabla ya vinia kufika. Mwaka huu nilikwenda Tabaka, huko Mugirango Kusini, kwenye machimbo ya jiwe la sabuni ambalo limelipeleka jina la Kisii katika maduka ya ulimwengu mzima, nikaketi nusu siku nikimtazama mzee mmoja akitengeneza kiboko. Kipande chake kilikuwa cheupe chenye wekundu kwa mbali. Hakukigusa kwa panga. Alikiloweka kwanza katika beseni, kwani jiwe likilowa huonyesha mishipa yake, akakigeuza juani, akapitisha kidole gumba juu ya mstari mmoja mwekundu, akakigeuza tena, akachora mgongo kwa kipande cha mkaa, akaufuta, akauchora upya upande wa pili ili mshipa ule usipite shingoni. Nilipomwuliza mbona anakawia, alinionyesha rundo la vipande kando ya mguu wake: pundamilia asiye na sikio, mwanamke aliyekatika mkono, bakuli lenye ufa. Hakunijibu zaidi ya hapo. Ilipita karibu saa nzima ndipo panga lilipogusa jiwe, na vumbi lake likaanza kumwangukia magotini kama unga wa muhogo.

Nami niliona hapo kwamba tabibu hodari wa meno hufanya vivyo hivyo. Hupima ufizi kama unatoka damu, hupiga picha ya mionzi kuona mizizi, huchukua umbo la kinywa na kulimimina kwa plasta, huliumba tabasamu jipya kwa nta juu ya plasta hiyo, kisha huweka juu ya meno mfano wa plastiki ambao mgonjwa anaweza kuuvaa, kuzungumza nao, kucheka nao mbele ya kioo na mbele ya watu wake, kabla ya mashine kuguswa. Mfano huo hubanduka. Huo ndio wakati wa kusema ndiyo au la. Mahali ambapo mtu huingia asubuhi kwa mashauri na kutoka jioni akiwa amechongwa meno kumi, hatua hiyo imerukwa, na jiwe limepigwa panga kabla ya kuloweshwa.

Hata rangi huhitaji utulivu huo. Matabibu hutumia ubao wa rangi za meno, na ule mashuhuri wa kampuni ya Vita ya Ujerumani una vipande 16, vyote vikiwa vimekusudiwa kuiga meno ya wanadamu. Hakuna hata kimoja kilicho cheupe kama karatasi, kwa kuwa jino la kweli lina manjano kidogo shingoni na uangavu kidogo nchani. Wateja walipotaka weupe uliovuka vyote 16, ilibidi vitengenezwe vingine vyeupe zaidi. Uso wa Mgusii, mweusi mwororo, hupendezwa na jino lenye uhai ndani yake. Ndivyo nionavyo mimi, na sidhani kama ni uzee unaosema.

Wenye haja ya haki

Lakini wapo ambao kauri hii kwao si urembo, nami nitawadhulumu nisipowataja. Aila nyingi za Kigusii zilihamia Nakuru na Naivasha kutafuta kazi na ardhi, na huko Bonde la Ufa maji ya visima vingi yamejaa floridi kupita kile kipimo cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka. Mtoto anayekunywa maji hayo miaka ambayo meno yake ya utu uzima yanajijenga ndani ya taya, hutokwa na meno yenye mawaa ya kahawia, na pengine yenye mashimo, ambayo mswaki wala dawa ya meno ya kawaida haiyatoi. Mwenziwe wa Arusha, upande wa Tanzania, anajua habari hiyohiyo. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi ya kusifika kwa kuyachuja maji kwa mkaa wa mifupa. Lakini waliokwisha kukua kabla ya maji hayo yaliyochujwa kuwafikia wamebaki na alama waliyopewa na kisima.

Rafiki yangu wa ujana ni mmoja wao. Tulisoma pamoja, na katika miaka yote ya shule sikupata kuyaona meno yake, kwa vile alijizoeza kucheka midomo imefumbwa, kicheko kikatokea puani. Alipotafuta kazi aliulizwa, na mtu mwenye elimu, kama hupiga mswaki. Alipofika miaka arubaini na mitano alikwenda kwa tabibu, akaanza na njia nyepesi ya kusugua na kung'arisha, ikamfaa kwa meno ya chini, na yale sita ya juu yaliyokuwa yameliwa akawekewa magamba ya kauri. Nilikutana naye miezi michache baadaye katika mazishi ya jamaa yetu huko Ogembo. Mtu mmoja alisimulia kisa cha marehemu, watu wakacheka kama wachekavyo watu matangani, na nikamwona rafiki yangu mkono wake ukipanda kuelekea mdomoni kwa mazoea ya miaka arubaini, ukafika kifuani, ukasita, ukashuka. Nani atamwambia mtu huyu kwamba alipoteza fedha?

Kadhalika aliyevunjika jino kwa ajali ya bodaboda, na aliyezaliwa na enameli dhaifu. Hao jino lao limekwisha kujeruhiwa, na kauri huja kulisitiri. Msiba wangu ni juu ya wale wasiojeruhiwa, wanaoingia kliniki wazima na kutoka wakiwa wagonjwa wa kudumu wa jambo ambalo halikuwa ugonjwa.

Mwanya, na fasheni zinazopita

Watasema wengine, mbona wazee wetu nao walichezea meno? Ni kweli. Jirani zetu Wajaluo waling'oa meno sita ya chini, Wamasai mawili, na Wamakonde wa kusini waliyachonga yakawa makali. Ilikuwa alama ya jamaa na ya utu uzima, na katika wakati wake iliheshimiwa. Lakini tazama yaliyofuata. Katika muda wa kizazi kimoja au viwili desturi ikaonekana ya kale, vijana wakaiacha, na wazee waliokwisha kung'olewa wakabaki na mapengo yao katika ulimwengu uliogeuka. Fasheni iliondoka, na meno hayakurejea. Je, tuna hakika gani ya kwamba weupe huu wa karatasi, unaoonekana leo kuwa ndio uzuri wenyewe, hautakuwa kioja mbele ya watoto wa watoto hawa?

Na mwanya? Kutoka Lamu hata Kisii umesifiwa. Washairi wa pwani waliutaja pamoja na macho na shingo katika kuhesabu uzuri wa mwanamke. Leo unaandikwa katika fomu ya kliniki kama kasoro ya kurekebishwa. Tena jambo hili limepenya hata katika nyumba za washika Sabato, ambazo ni nyingi mno Gusii, nyumba ambazo hereni hairuhusiwi kuvuka kizingiti na pete ya arusi yenyewe huzua mjadala. Kauri imeingia humo bila kupingwa na mzee wa kanisa, kwa kuwa haining'inii wala haimeremeti kama dhahabu. Natamani wachungaji wetu, ambao wamewafundisha waumini wao mengi mema juu ya mwili kuwa hekalu, walizungumze hili katika makambi ya Agosti.

Hesabu ya aila

Turudi kwenye meza ya chai. Bei ya gamba moja la kauri, kwa tabibu anayestahiki, ni makumi ya maelfu ya shilingi. Mara kumi, tayari unazungumzia fedha ya ng'ombe kadhaa wa maziwa. Bima ya umma, iwe NHIF ya jana au SHA iliyoishika nafasi yake Oktoba 2024, haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Na hayo ni malipo ya kwanza tu. Gamba zuri, likitunzwa vyema, huweza kudumu miaka kumi hata kumi na mitano, na mengine huzidi. Binti yetu ana miaka 26. Akijaliwa umri wa magokoro wake, atayabadilisha mara tatu au nne, na kila yakibadilishwa jino la chini yake huguswa tena. Na hakuna mahali katika bango palipoandikwa kwamba mkopo huu hulipwa hadi kaburini. Nani atalipa ya pili, naye atakuwa na ada za watoto? Nani ya tatu, bonasi ya Oktoba ikiwa mbaya, kama tulivyokwisha kuiona ikiwa mbaya?

Kisha liko suala la chakula, ambalo wenye mabango hawaliwazi, huenda kwa kuwa hawakukulia huku. Kinywa cha Kigusii kimezoea kazi. Tunamenya muwa kwa meno ya mbele, tunaguguna mahindi ya kuchoma yaliyokauka, tunavunja mfupa wa kuku kutafuta uboho, tunakata uzi wa sindano, na nimekwisha kutaja chupa za soda. Kauri ni ngumu lakini hukatika ghafla, kama sahani. Obokima na chinsaga, yaani ugali na mboga zetu, haziidhuru. Muwa wa kumenya kwa jino utaimaliza. Ikimeguka Jumamosi huko Nyansiongo, na maabara iliyoitengeneza iko Nairobi, mwendo wa saa sita au zaidi kwa matatu, bibi arusi atacheka kwa kitu gani wakati anasubiri?

Na palipo na bei ngumu ndipo wanapozuka wa bei rahisi. Yapo magamba ya plastiki yanayoagizwa kwa simu, na wapo watu wasio matabibu wanaobandika meno kama wabandikao kucha, juu ya jino bovu, wakaufungia uozo ndani. Marekani kwenyewe chama cha madaktari wa meno kimelazimika kuwaonya watu juu yao. Sheria yetu imeliweka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na leseni za wahudumu hutolewa kila mwaka. Kumwomba mtu leseni yake kabla ya kumfungulia kinywa si utovu wa adabu.

Kiti cha kung'olea

Ninalolihuzunikia zaidi kuliko yote liko kwenye benchi la hospitali ya umma. Keti hapo asubuhi moja, utawaona akina mama waliofunga leso shavuni, mvulana wa darasa la sita aliyevimba taya, mzee aliyetembea tangu alfajiri; na wengi wao hawakuja kuokoa jino, wamekuja kuling'oa, kwa kuwa wamechelewa, na kwa kuwa kuziba tundu mapema kulionekana kuwa anasa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya watu wazima wa Kenya wana meno yaliyooza, na takriban robo ya watoto. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno mwaka 1974, yaani zaidi ya nusu karne, na bado kwa watu wengi wa vijijini tabibu wa meno ni mtu mwenye koleo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Na hapa ufa huzibwa kwa fedha ya kuku wachache, ilhali ukuta hugharimu ng'ombe.

Kwa hiyo nikilitazama bango la Keroka naliona pamoja na benchi hilo. Wakati mmoja, katika kaunti hizi mbili za Kisii na Nyamira, tunang'oa meno yaliyoweza kuokolewa na kuchonga meno yasiyohitaji kuguswa. Jino la pembe si dawa ya pengo, nasi tumeigeuza pembe kuwa dawa ya kitu ambacho hata pengo si. Kaunti zikiweka mtu mmoja wa kukagua vinywa vya watoto katika kila shule mara moja kwa mwaka, na vifaa vya kuzibia vikapatikana katika vituo vya afya vya ndani, nadhani hamu hii ya tabasamu, ambayo ndani yake ni njema, itapata mahali bora pa kuanzia.

Binti yetu sikumkataza, kwa kuwa ni mtu mzima na kinywa ni chake. Nilimwomba mambo mawili: ayashughulikie yale ya nyuma kwanza, na asiruhusu mashine iguse meno yake kabla ya kuuvaa ule mfano unaobanduka mbele ya nyanya yake. Alikwenda kwa tabibu mwingine, mama mmoja mwenye subira. Yale mawili yameokolewa, moja kwa kuzibwa tundu na jingine kwa kutibiwa mzizi, ufizi umesafishwa, ile pembe iliyomeguka imejazwa rezini kwa dakika chache, bila kuchongwa kitu. Kuhusu mengine tisa hajasema neno. Tabibu alimpa umbo la kinywa chake, vipande viwili vya plasta, cha kama kilivyo na cha kama kingeweza kuwa, naye akaviacha nyumbani kwangu juu ya rafu, kando ya kiboko niliyemnunua Tabaka. Kila ajapo Jumapili huvichukua, hupeleka kidole kwenye mwanya wa kile cha kwanza, halafu huvirudisha palepale, akamiminiwa chai.